Doña Nélida na Mashine Iliyouliza Kila Dakika Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja, Doña Nélida Gastaldi anastaafu tarehe 30 Agosti kutoka Ushirika wa Simu na Televisheni wa Colonia Iribarne. Alianza kwa kupanda nguzo za simu akiwa na sketi. Anaondoka akiwa mkuu wa mitambo, na hakuna mwenyekiti tuliyemchagua ambaye hakugombana naye.

Ndiye aliyetufundisha jinsi televisheni yetu inavyofika nyumbani. Kila chaneli huingia mjini mara moja tu, kisha swichi ya mtaa huigawa kwa nyumba zilizojiandikisha kuitazama. Ukibonyeza chaneli, king'amuzi kinakuandikisha, ukihama, kinakuondoa. Alifananisha jambo hili na jinsi kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani, kinavyozunguka ofisini: ukisema asante, umetoka kwenye mzunguko. "Ila mtu akinyamaza tunamjazia," alisema. "King'amuzi kikinyamaza, kinarukwa!"

Ndiyo maana chumba cha mitambo kina kijimashine kikuukuu ambacho kila dakika mbili huuliza nani bado anatazama. Ving'amuzi hujibu, swichi husikia, picha huendelea. Doña Nélida alikiita Mdaku. Kukibandika lebo, hakuwahi.

Sasa, mume wangu Lautaro, fundi wetu. Tumeoana wiki tatu tu, na nikimwona ameshika bisibisi moyo bado unaniruka. Mikono mizuri ajabu! Mwezi Mei mikono hiyohiyo ilimchomoa Mdaku, eti "hakifanyi kitu, kinauliza-uliza tu." Tena Jumapili ya mechi ya watani, Sportivo na Juventud.

Baada ya dakika nne picha ziliganda mji mzima. Hakuna aliyeuliza, basi hakuna aliyejibu, na swichi zikadhani watu wamekwenda kulala. Ukihama chaneli na kurudi, unapata dakika nne nyingine. Padri Anselmo alitazama kipindi cha pili chote kwa kuhamia chaneli ya mapishi na kurudi kila picha ilipoganda. Bao la ushindi lilimpita akitazama kitunguu.

Doña Nélida alimkuta Lautaro amepauka kama unga.

"Wewe kichwa maji! Umemziba mdomo anayeuliza, halafu unangoja nani ajibu?"

"Doña, watanifukuza kazi. Na harusi ni Agosti."

"Basi chomeka, funga mdomo, kachemshe maji ya yerba."

Halmashauri ya Ushirika ilipodai jina la mtu wa kufukuzwa, Doña Nélida alijibu, "Andikeni Gastaldi. Mashine ni yangu, na lebo sikubandika." Kumfukuza yeye hawakuthubutu. Walimpa barua ya onyo, ya pekee katika miaka yote hiyo, na muuza nyama, shabiki wa Sportivo, akamuuzia mifupa miezi miwili mfululizo. Hakulalamika. Harusini alicheza kuliko mimi.

Lautaro ndiye aliyeteuliwa kukalia kiti chake kuanzia Jumatatu. Asubuhi ya leo ameniomba niandike haya kabla hajakikalia: barua ile itolewe kwenye jalada la Doña Nélida na kuwekwa kwenye lake, hata kama Halmashauri itafuta uteuzi. Nimemkumbatia kwanza, kisha nimeandika.

Doña Nélida, tunakushukuru kwa mgongo uliotubebea mizigo. Tunakutakia mapumziko marefu, nyama laini, na jalada safi.

Jorgelina Peralta, Huduma kwa Wanachama