Papa Lambert Ngoy (1931–1987), Msomaji wa Matanga ya Wakubwa

Padri, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mliolala nasi kwenye matanga tangu Alhamisi, poleni.

Marehemu Lambert Ngoy, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 5 Septemba 1987, alikuwa kaka yangu. Mimi ni Hélène, mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi. Wengi wenu mmezoea kumsikia yeye akisimama mahali hapa niliposimama mimi. Alisoma wasifu wa wakubwa wengi wa mji huu wa Kalemie, na kinywani mwake hakuna aliyekufa na kasoro. Jana mjane wake, Mama Lucie, aliniita jikoni akaniambia: «Wifi, usimusome vile yeye alikuwa anasoma bakubwa. Sema kweli. Na ukimaliza yake, soma na ya mutoto wangu Emile. Bila ile, mi sitaenda ku kaburi.»

Kaka yetu mkubwa, Papa Anatole, alikuwa na neno lingine. Nyumba anayokaa Lucie ni ya kampuni, na kampuni imekwisha kuidai. Anatole alikwenda biro, ofisini kwa wakubwa, kuomba Lucie aachwe humo, akaambiwa kwamba direkta atakuja maziko yeye mwenyewe, na mambo ya nyumba yatazungumzwa baadaye. Akarudi kwangu mbio. «Hélène, umusomee muzuri,» akasema. «Direkta atakaa pale mbele. Akisikia mambo ya Emile atakasirika, na Lucie atalala inje. Ile ni mambo ya zamani.» Kwa hiyo niliandika ukurasa huu nikiwa katikati ya watu wawili ninaowaheshimu, na mtasikia wenyewe nimemfuata nani.

Lambert alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 Kiambi, kando ya mto Luvua, mtoto wa pili wa mzee Ngoy, mvuvi, na Mama Kapinga. Mama alikuwa akitusimulia kwamba Lambert, akiwa mtoto wa miaka saba, alikwenda kwenye matanga ya mzee mmoja tajiri wa kijiji cha jirani, akalia kuliko watoto wa marehemu. Watu walimwonea huruma, wakampa paja zima la mbuzi. Alifika nyumbani anatafuna, akasema: «Mama, kule banapenda mutoto mwenye kulia.» Mama alicheka kila aliposimulia. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Alisoma kwanza shule ya misioni palepale Kiambi. Mwaka 1945 alipelekwa kwa mapadri Kirungu, juu milimani, na huko akamaliza mwaka 1950. Baridi ya Kirungu ilimpa kikohozi, na mapadri wakampa Kifaransa, mwandiko safi na sauti ya kusomea kanisani. Alikuwa na akili, wala sisemi hivyo kwa sababu amekufa. Alikuwa akinifundisha hesabu wakati wa likizo, tukiwa tunapara magamba ya samaki, na mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu yake.

Tarehe 2 Juni 1952 aliajiriwa karani wa mizani katika ghala la kampuni moja ya bandarini, mji ukiwa bado unaitwa Albertville. Kampuni sitaitaja. Kwa miaka kumi na saba alipima mahindi, mihogo na samaki wadogo wa ndagala bila kumpunja mtu, na kwa miaka hiyo yote hakuna mkubwa aliyemwona. Waliopanda vyeo walikuwa shemeji na wapwa wa wenye biro. Halafu mwaka 1969 mama wa direkta wa wakati ule alifariki, na mtu aliyepangwa kusoma wasifu alikutwa amelewa. Lambert akanyanyuka. Alisema kwamba mlango wa yule mama haukujua kufungwa, naye hakuwahi kumwona yule mama hata siku moja. Direkta alilia mbele za watu. Kabla ya mwaka kwisha, Lambert alikuwa karani mkuu.

Siku hizo aliniambia neno ambalo sijalisahau: «Hélène, kazi muzuri hakuna mwenye kuiona. Muntu anapandaka kwa sifa yake.» Basi akakaa kuijenga sifa yake. Alijua baba wa nani anakohoa na shangazi wa nani amelazwa. Kwenye matanga ya wakubwa alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali, alikuwa wa kwanza ghalani kuliweka lake kando, ingawa nyumbani tuliendelea kumwita Lambert. Watu walimwita Papa Matanga, naye alifurahi kuitwa hivyo. Baba wa naibu wa direkta alipougua sana, kaka yangu aliandaa wasifu wake mapema. Yule mzee akapona, akaendelea kula ugali wake miaka mingine mitatu. Kila Jumapili baada ya misa Lambert alimsalimu kwa mikono miwili, na mimi niliyejua nilikuwa nageuza uso. Mzee alipokufa kweli, ikabadilishwa tarehe tu. Lakini mbebaji mizigo wa ghalani akifiwa, Papa Matanga alikuwa na kazi nyingi, akatuma pole kwa mdomo wa mtu.

Alifunga ndoa na Lucie, binti wa fundi wa reli, hapa mjini tarehe 9 Agosti 1958. Walijaliwa watoto watano. Lucie ndiye aliyepiga pasi ile abakosti kwa pasi ya makaa, na ndiye aliyesikiliza kila wasifu ukijaribiwa sebuleni kabla ya kwenda kusomwa. Alisema kwamba aliwafahamu wafu wa mji huu kuliko alivyomfahamu mume wake. Alilisema kwa mzaha miaka ya kwanza.

Mwaka 1978 direkta wa sasa alikuwa akitafuta sefu wa kusimamia ghala kubwa, cheo chenye nyumba ya kampuni karibu na ziwa. Ijumaa tarehe 17 Novemba, Emile, mtoto wa nne wa Lambert na Lucie, alikufa kwa surua. Siku hiyohiyo mama mkwe wa direkta naye alifariki. Maziko yote mawili yakaangukia Jumamosi mchana. Nilikuwa nimekaa mkekani na Lucie wakati kaka yangu alipotoka chumbani amevaa.

«Lucie,» akasema, «nikikosa leo, yote nilijenga inaanguka. Direkta ananingojea. Nitafika habajamuzika bado.»

«Na Emile, nani atamusomea?»

«Ni mimi. Nitafika.»

Tuliambiwa alisoma vizuri sana kule. Kwetu alifika udongo umekwisha kusawazishwa, viatu vyake bado vinang'aa. Emile hakusomewa neno, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusimama mahali pa Papa Matanga. Januari 1979 Lambert alipewa cheo, wakahamia nyumba ya karibu na ziwa, yenye madirisha ya vioo na bomba la maji uani. Nilimchukia kaka yangu mwaka ule. Nilikwenda kuwasalimu, nikanywa chai yao, na nilimchukia.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 1985. Mwaka uliofuata alikatwa mguu wa kushoto. Kila Jumapili alitaka avalishwe abakosti na kuwekwa barazani, na mbele yake vipangwe viti vitatu kwa ajili ya wageni wa biro. «Leo batakuja,» alikuwa akisema. «Banajua vile niliwasimamia.» Hawakuja. Waliokuja ni wabebaji wa ghalani, na ndagala zao ndani ya karatasi, wakakaa kwenye ngazi kwa kuwa viti vilikuwa vya wakubwa. Miezi ya mwisho alimwambia Lucie avirudishe ndani. Juu ya Emile hakuwahi kusema kitu mpaka Agosti hii, aliponiuliza kama nakumbuka mtoto alivyokuwa akiwasomea kuku. Nikamwambia nakumbuka. Akageukia ukutani, na mimi nikakaa naye mpaka jua likazama.

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 3 Septemba 1987, saa kumi na moja alfajiri, Lucie akiwa amemshika mkono. Ijumaa asubuhi mtu wa kampuni alifika kuuliza nyumba itaachwa lini. Hakuvua kofia. Ndipo Anatole alipokwenda biro, na ndipo aliporudi na ombi lake kwamba nisome vizuri. Lucie alikuwa karibu, anachambua mchele wa matanga, na alisikia yote.

«Papa Anatole,» akasema bila kuinua kichwa, «mu ile nyumba tuliingia kwa sababu ya Emile. Kama ni kutoka, tutoke kwa sababu ya Emile.»

Anatole akaketi kando ya ungo wake. Kisha akaniambia niandike alivyotaka mama wa mtoto.

Ninapoandika haya sijui kama vile viti vitatu vya barazani, vitakavyopangwa hapa mbele, vitakuwa na watu. Kama direkta amekuja, namshukuru kwa kuja, na asikilize kama alivyosikiliza mwaka 1978. Kama viko wazi, nawaomba wabebaji wa ghalani, waliomtoa kaka yangu hospitalini mgongoni na waliombeba tena leo, waje wavikalie.

Marehemu ameacha mjane, Mama Lucie, watoto wanne, Claudine, Fidèle, Léon na Christiane, wajukuu saba, kaka yake Anatole na mimi dada yake. Lucie ameomba mumewe azikwe kando ya Emile, na nafasi imepatikana.

Sasa nasoma ya mtoto.

Emile Ngoy alizaliwa Kalemie tarehe 2 Februari 1969. Alifika darasa la tatu. Alipenda samaki wa mikebuka wa kukaanga, hakupenda viatu, na aliogopa radi lakini alikataa kukiri. Kuku akichinjwa nyumbani, Emile alipanda juu ya sanduku la sabuni, akashika karatasi, akakohoa kama baba yake, akawasomea kuku waliobaki maisha ya mwenzao: alizaliwa lini, alitaga wapi, jinsi mlango wake haukujua kufungwa. Baba yake alimkuta siku moja, akacheka mpaka akakaa chini. Emile aliugua siku sita. Usiku wa mwisho alimuuliza mama yake: «Nikikufa, Papa atanisomea na mimi?» Mama yake akamjibu kwamba atamsomea.

Amesomewa leo, na shangazi yake, kwa kuchelewa miaka tisa.

Lambert, kaka yangu, huko unakokwenda kutakuwa na wakubwa wengi uliowasifu. Usiwatafute. Mtafute Emile kwanza, kisha upumzike kwa amani.