Muhuri wa Mtendaji

Pantoni ilikuwa inavuka mto Malagarasi kwenda Ilagala. Elida, karani wa ofisi ya haki mjini Kigoma, alijifanya anatazama maji, kumbe masikio yote yako nyuma, ambako mama mwenye dumu la mawese alikuwa akimfokea mzee asiyemjua kama vile yeye ndiye serikali.

"Mtendaji wa kijiji kamsweka mwanangu mahabusu siku tatu, eti sisi Wakongo! Babu yangu kazikwa hapa hapa! Nimekwenda ofisi ya haki kumshtaki, naambiwa fomu haipokelewi bila muhuri wa mtendaji."

"Mtendaji yupi?"

"Si huyo huyo!"

"Utaratibu ni utaratibu, mama," alisema mzee, kwa upole wa mtu ambaye mwanawe amelala nyumbani.

"Huo ni utaratibu, au ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani? Na karani wao hata uso hakuinua. Nilichoona ni kilemba tu!"

Elida akashukuru kwamba leo kafunga kingine.

Pantoni ikagota ukingoni. Akamsaidia yule mama kujitwisha dumu.

"Asante, mwanangu," mama alisema, akimtazama usoni. "Afadhali ningekukuta wewe pale ofisini."