Kikombe cha Jumamosi

Mama zangu na dada zangu wa hapa Al Khoudh, niruhusuni niseme nimekaa, magoti yangu siku hizi hayapendi kusimama. Mwenye nyumba hii tuliyokusanyika kaniomba nizungumze tangu Juni, na kila mara nnamjibu "mwezi ujao, inshallah." Leo visingizio vimenishia. Nitakuhadithieni mpira. Msicheke. Haya, chekeni kidogo, kisha mnisikilize.

Marehemu mume wangu, alipokuwa kijana, wizara ilimpeleka Uingereza kusoma, mji mdogo wa kaskazini, baridi na mvua. Akapanga kwa mama mmoja wa kule aliyekuwa na kijana wa rika lake, na yule kijana akamchukua uwanjani kutazama timu ya mji wao. Timu yenyewe hamuijui. Ilikuwa daraja la nne, la mwisho; ukishuka pale umeshatoka kwenye ligi. Wenzake hapa wakishabikia timu zinazochukua vikombe, yeye kachagua timu inayofungwa. Siku moja nikamuuliza, "Bwana wewe, umerogwa?" Akanambia, "Walinikaribisha nikiwa sina mtu. Nitawaacha vipi?"

Basi Jumamosi nyumbani kwangu ilikuwa na utaratibu wake. Mie napika kahawa, nakata halwa, yeye anafungua simuni matangazo ya redio ya mechi, tunakaa sebuleni kwenye viti vyetu viwili. Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini goli nalijua. Msimu ukianza, kwenye joto la Agosti, mechi huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na mapumziko huangukia Maghribi. Akinambia, "Umeona? Hata Waingereza wanajua wakati wa sala." Mechi ikisha, yule kijana wa kule, rafiki yake mpaka uzeeni, humpigia simu, wakagombana kama wamo barazani.

Msimu ule timu ilikuwa mbovu kuliko kawaida yake. Mwisho wa Disemba, Ijumaa asubuhi, mume wangu akaondoka kwenda Qurayyat, mji wa pwani, kununua samaki. Mlangoni akanambia, "Kesho tunacheza nyumbani, usialike mtu." Moyo ulimsimama huko huko sokoni. Kabla ya Maghribi tulikuwa tumeshamzika.

Kesho yake nyumba imejaa watu, khitma inasomwa, simu yake ikalia. Nikaruka. Si mtu, ni ile kengele aliyoitega imkumbushe mechi. Nikaenda jikoni, nikamimina kahawa vikombe viwili, nikajifungia chumbani nayo simu, nikasikiliza timu ikifungwa. Chozi halikunitoka. Wakubwa wakaja kunishika kichwa, "Mashallah, binti yetu, una subira." Ndugu zangu, nnakwambieni, wallahi haikuwa subira. Nilikuwa sijaamini.

Wifi yangu, dada yake marehemu, akahamia kwangu nisikae eda peke yangu. Wanaomjua wanajua ulimi wake. Jumamosi iliyofuata akaniona na vikombe vyangu, akasema, "Wifi, mjane yumo edani anasikiliza mpira? Watu watasema nini?"

Nikamjibu, "Msimu haujesha."

Moyoni nilikuwa nimeshaamua: madhali msimu haujesha, na yeye hajesha. Kachelewa tu Qurayyat.

Nguo zikaanza kunipwaya. Chakula nikikitia mdomoni hakishuki. Sala nnasali, lakini dua ya marehemu ulimi unakataa kuitamka. Nikimwombea safari ya salama, kama mtu yumo njiani. Na yule rafiki yake wa Uingereza hakuwa na khabari. Kila Jumamosi anapiga, naiangalia simu mpaka inyamaze. Akaandika, "Mbona kimya? Umenuna kwa sababu tunafungwa?" Ningemjibu nini? Nikimjibu, itakuwa kweli. Basi kahawa ya kikombe cha pili ikipoa naimwaga, wiki kwa wiki, na timu inaporomoka.

Mechi ya mwisho ikaja Mei, eda yangu imebaki siku chache. Sare ingetutosha kubaki. Mnanisikia? "Ingetutosha," kama nilivaa jezi. Wifi yumo jikoni anakaanga samaki, mie sebuleni na vikombe vyangu. Sare, sare, sare, mpaka dakika za mwisho. Kisha wakatufunga. Nikawasikia watu uwanjani wanawapigia makofi vijana wao waliofungwa, wanapiga tu, hawataki kwenda zao.

Nikageuka nikasema, "Bwana, tumeshuka."

Kiti kitupu.

Nikapiga ukelele ambao sikujua kuwa nnao. Wifi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Nani? Nani kafa?"

Nikamwambia, "Kaka yako. Wifi, kaka yako kafa."

Mwezi wa tano huo! Angeweza kunihisabu mwendawazimu. Angeweza kunambia nyamaza, mjane hapigi makelele. Akauweka mwiko chini, akakaa na mie sakafuni, akanivuta kifuani kwake. "Eeh, wifi," akasema. "Kafa. Nilikuwa nnakungoja." Tukalia mpaka samaki wakaungua karaini.

Simu ikalia. Mara hii niliipokea. Nikamwambia yule mzee wa Uingereza kwa Kiingereza changu hicho hicho. Alikuwa bado yupo uwanjani, na nilimsikia analia mbele za watu. Akanambia, "Miezi yote hii namtukana kwa kunisusa." Nikambembeleza, mie ambaye hata kujibembeleza nilikuwa siwezi. Na nilipoiweka simu nikasema, kwa mara ya kwanza, Allah amrehemu.

Sikupona siku ile, msidanganyike. Eda ikesha, nikaoga, nikachoma udi, nikatoka nje na ulimwengu ukanitisha. Hadi leo nikipita njia ya Qurayyat nageuza uso. Lakini nnakula. Nnalala.

Nnamshukuru wifi yangu, yule pale kainamisha kichwa, leo ulimi kauacha nyumbani. Nnamshukuru mzee wa watu kule mbali, asiyekosa kunipigia. Na nyie nnakuombeni kitu kimoja. Mkimwona mjane halii, msimsifu subira mkaenda zenu. Kaeni naye. Muulizeni habari za mumewe, alikuwa akipenda nini, akisema nini. Huenda mwenzenu bado anangoja mlango ugongwe.

Msimu mpya umeanza, huko chini tulikoshukia. Wifi huja kila Jumamosi, anakaa kile kiti, na kahawa ya kikombe cha pili anainywa yeye. Wiki iliyopita tumekwenda mapumziko tumeshafungwa mawili. Wifi akaitazama simu, akasema, "Angekuwepo angeitupa." Tukacheka, kisha tukalia, kisha Maghribi ikaadhiniwa tukainuka kumwombea.