Maofisa Walipoitiwa Msaragambo

Wazee wenzangu, nawasalimu. Na ninyi wadogo, shikamoo zenu nimezisikia. Mimi ni mjane wa huku juu milimani, na simwamini mtu upesi. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo.

Macho yangu yaliingia ukungu. Uji namimina nje ya kikombe, kuni nashika upande wenye moto. Wakaanza kuja wageni. "Shikamoo, bibi." Marahaba, umetumwa na nani? "Na serikali." Wiki ya pili akaja mwingine, naye serikali. Nikamuuliza, ile iliyokuja juzi au nyingine? Hawajuani! Huyu kanipiga picha, yule anauliza choo changu ni cha namna gani. Ndugu zangu, nawaambia, nikajua hawa wanataka shamba langu la tangawizi. Nikawafungia mlango.

Siku moja nikatumbukia kwenye mfereji, nikalia mpaka jirani yangu akaja. Wala hakunipa pole. "Utakufa na ubishi wako," akasema. "Kesho twende mkutano wa kijiji."

Nikasimama pale. Nikasema, Mwenyekiti, mfereji ukiziba tunaitana msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, asiyefika anatozwa faini. Leo yameziba macho yangu. Hawa wa serikali nao waitiwe msaragambo, waje siku moja, waonane! Watu wakacheka, mbavu hawana. Mwenyekiti hakucheka. Akawapigia simu.

Wakaja. Muuguzi wa zahanati akasema, "Tulidhani ustawi wa jamii wameshampeleka hospitali." Dada wa ustawi akashangaa: "Sisi tulidhani ninyi mmeshamwandikia rufaa." Mwenyekiti akainama: "Nami nilidhani mnaongea." Jamani! Nililia kwa hasira mbele ya watu wote. Kumbe hakuna aliyetaka shamba. Kila mmoja alikuwa ananiachia mwenzake.

Rufaa ikaandikwa palepale, gari likapatikana. Hata humo garini nilimshika yule dada mkono nikamwambia, hushuki kabla yangu. Hospitali wakanipasua jicho moja, naye akakaa nami mpaka bandeji ikafunguliwa. Nikamwona. Mtoto mdogo tu, na kachoka kuliko mimi.

Namshukuru jirani yangu kwa maneno yake makali, Mwenyekiti, na wale wote waliokuja. Nanyi wazee, msikubali kuhudumiwa na mmoja mmoja anayepita njia. Waiteni pamoja, waulizeni mbele ya watu nani anafanya nini.

Jicho la pili wameniahidi mwezi ujao. Nimewaambia waje wote. Akikosekana mmoja, gari sipandi.