Maji Ambayo Balozi Amoabeng Hakuyanywa

Mkuu wa ukoo, Bi Mjane na watoto, machifu, watu wa kanisa, majirani wa Oworaso, na ninyi wageni wetu wa Subirikrom mlioketi safu ya tatu upande wa dirisha: poleni, na asanteni kwa kuja. Anayesoma ni Adwoa Frempomaa, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Mlio na kitabu cha mazishi mtaona ukurasa wa nne una wasifu mzuri, wenye picha yake akiwa na kofia ya ubalozi. Niliuandika mimi mwaka 1991, aliposherehekea miaka sabini, na juzi kamati ikaupeleka kiwandani kuchapwa kama ulivyo. Naomba muufunge. Kuna mahali nilidanganya, na naona aibu kudanganya tena mbele ya jeneza.

Balozi Theophilus Kwaku Amoabeng alizaliwa hapa Oworaso, Jumatano tarehe 9 Machi 1921, mtoto wa tano wa Mzee Bediako na Mama Akua Birago. Wote walikuwa wakulima wa kakao. Kabla yake watoto wawili walikufa wachanga, kwa hiyo mama yake alimlea kama yai. Mama yangu, Ama Tiwaa, ndiye aliyembeba mgongoni, na mpaka uzeeni alikuwa akimkumbusha mbele za watu, "Wewe Kwaku, hata ukivaa suti tatu, mgongo wangu unakujua."

Alianza shule ya misheni hapa mjini mwaka 1928. Inasimuliwa kwamba mwalimu aliwauliza wanafunzi kazi ya Mkuu wa Wilaya ni nini, naye akajibu, "Ni kukaa kivulini na kuwauliza walio juani kwa nini kazi haijaisha." Alichapwa viboko vinne, na cha tano mwalimu akashindwa kwa kucheka. Mwaka 1936 alikwenda sekondari Cape Coast. Vita vilipokwisha alipata nafasi ya kusoma London, akarudi mwaka 1948 na shahada, koti zito lisilofaa nchi hii, na chupa ya maji ya bati iliyovikwa kitambaa cha kijani. Alikuwa ameambiwa huko kwamba mtu wa ofisini hanywi maji yasiyochemshwa. Ndiyo chupa ile pale mezani, kando ya kofia.

Mwezi Januari 1949 aliapishwa kuwa Msaidizi wa Mkuu wa Wilaya. Katika wilaya ile hakukuwa na Mwafrika aliyewahi kukalia kiti hicho, na Oworaso ilicheza ngoma siku mbili. Ilikuwa miaka ya ule ugonjwa wa kuvimba matawi. Serikali iliamuru kila mkakao mgonjwa ukatwe, na wakulima waliichukia amri hiyo kuliko kodi. Ukurasa wa nne unasema, "Kwa uthabiti wake aliokoa kakao ya wilaya nzima." Hapo ndipo nilipodanganya.

Jumatano tarehe 14 Juni 1950 alifika Subirikrom na vibarua thelathini wenye mapanga, askari wanne, na ramani. Miti migonjwa ilikuwa ng'ambo ya mto. Tatizo ni kwamba Subirikrom ina vijito viwili, na ramani ilionyesha kimoja. Wazee walikuwa wamekaa tayari. Msemaji wa chifu akamletea maji kwenye bilauri, kama anavyoletewa mgeni yeyote kabla ya kuulizwa kilichomleta.

"Mgeni wetu, maji."

"Ninayo yangu," akajibu, akafungua chupa yake akanywa mbele yao.

Watu wa Subirikrom hawahitaji kuelezwa alichofanya, na Mjomba pia hakuhitaji. Alikuwa mtoto wa Akua Birago. Alijua kabla ya kujua kusoma kwamba mgeni asiyekunywa maji hajafika, na asiyefika wazee hawazungumzi naye shauri. Lakini siku ile alitaka kuonekana Serikali tupu, isiyo na mama. Akafungua ramani akauliza, "Mpaka ni kijito kipi? Hiki au kile cha mbele?"

Kimya. Wazee wakatazama chini.

"Mnakataa kuijibu Serikali?"

Kimya.

"Basi. Kimya chenu ni ndiyo. Tunaanzia hapa."

Mzungu angekosea hivyo tungesema hajui. Yeye alijua kwamba kile kimya kilikuwa cha maji, si cha kukubali. Mtu mmoja tu alifungua mdomo, mwanamke mwenye shamba lililokuwa katikati ya vijito viwili, jina lake Yaa Dufie.

"Wee Kwaku wa Oworaso! Wazee wana midomo, ila wewe hujanywa. Mimi sina cheo, acha nikuvunjie mwiko. Mto ni ule wa pili! Hii ni miti mizima. Njoo uikague kwa macho yako, hata kama umezaliwa leo utaona!"

"Kila mwenye shamba huapa miti yake ni mizima," akasema. "Mwondoeni mama huyu."

Yaa Dufie akalala chini mbele ya mkakao wa kwanza, akalikumbatia shina. Askari wakamnyanyua. Alikaa korokoroni siku tatu kwa kuzuia kazi ya Serikali, na katika siku hizo miti yake mia nne ikalala. Alipotoka alitembea moja kwa moja hadi ofisini akiwa na tunda alilookota kwenye magogo, akalipasua juu ya meza ya Mjomba. Mbegu zilikuwa nyeupe, zimejaa.

"Haya, niambie. Hili ni tunda la mgonjwa?"

Mjomba alikuwa ameshaitazama ramani upya jioni ya siku ya kwanza akaona kosa lake. Alimwita karani afute meza, kisha akaandika taarifa yake kwa mkono: miti yote iliyokatwa Subirikrom ilikutwa na ugonjwa, wananchi hawakutoa pingamizi la maana. Taarifa ile ilisifiwa hadi kwa Gavana. Ilimpandisha cheo, na mwaka 1956 watu walipotafutwa wa kufundishwa ubalozi kwa ajili ya nchi itakayozaliwa, jina lake likawa la tatu. Yaa Dufie alihamia magharibi kupalilia mashamba ya wengine. Alifia huko mwaka 1971.

Kwenye ndoa tuna la kushukuru. Tarehe 4 Aprili 1953 alimwoa Bi Comfort Dentaa, aliyemvumilia miaka hamsini na nchi saba. Bi Comfort anasema alipoolewa aliambiwa na mumewe, "Mimi sikosei mara kwa mara," naye akamjibu, "Nitakusaidia." Nyumba yao ilikuwa na vicheko, na wali wa maharage kila Jumamosi hata kwenye theluji.

Alifanya kazi za ubalozi tangu 1957 hadi 1979, Monrovia, Belgrade, Geneva na kwingineko. Ni kweli kwamba alikuwa hodari. Mwaka 1964 alisuluhisha pande mbili zilizogombea mpaka na zilizokataa hata kusalimiana. Aliwaletea maji kwa mikono yake, akasema kwao hakuna neno linalosemwa kabla ya mgeni kunywa. Wakanywa, wakacheka, jioni wakatia sahihi. Magazeti yakamsifu kwa hekima ya mababu zake. Alipata nishani ile pale mezani. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake, nikazikata habari zile nikazibandika kwenye daftari, nikajivuna. Sikujua aliwanywesha wageni maji ya nani.

Nilijua mwaka 1988. Alikuwa amestaafu, anaishi nyumba ile ya juu. Alikuja mwanamke, Afua Gyamea, binti wa Yaa Dufie. Nilimpa maji akanywa, nikamuuliza kilichomleta. Akanieleza yote niliyoyasoma hapa, taratibu, bila matusi. Akasema hataki kitu, anataka tu Balozi atamke kwamba miti ilikuwa mizima, maana watoto wao bado wanaitwa wajukuu wa mwenye shamba la ugonjwa. Nikamwambia, "Balozi amelala." Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la ukumbi, miwani mkononi. Niliona vidole vya miguu yake. Yule mama alikunywa maji yetu, nami nikamdanganya yangali hayajafika tumboni. Miaka mitatu baadaye, nikijua yote, nikaandika kwamba aliokoa kakao. Maame Afua, uko hapa leo. Nina aibu mbele yako kuliko mbele ya marehemu.

Mwaka 1996 aliniita nimpigie chapa barua ya kuomba radhi. Tuliandika mara saba. Ya kwanza ilisema "ikiwa ulitokea usumbufu." Ya nne ikasema "katika mazingira magumu ya wakati ule." Kila nilipomaliza aliichukua, akarekebisha neno, akaiweka kwenye mtoto wa meza. Mtu aliyepatanisha nchi za watu alishindwa kupeleka karatasi moja maili kumi na nne.

Machi mwaka huu alipatwa na kiharusi, ukabaki upande mmoja wa mwili wenye nguvu na maneno machache. Niliposoma zile barua saba kando ya kitanda chake hospitalini, alitikisa kichwa kwa kila moja. Mwisho akasema, "Chana." Kisha, kwa shida, "Miti. Mizima." Nilimuuliza kama niyaseme mbele za watu. Akafumba macho na kufumbua, mara mbili, kama tulivyokuwa tumepatana kwa ndiyo.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 18 Septemba 2003, nyumbani kwake, tulimletea maji ya mwisho anayopewa kila mtu anayeondoka. Dada zake wadogo walimshika kichwa. Alifunga mdomo. Tukamsihi, "Kunywa, baba, safari ni ndefu." Akasema neno lake la mwisho: "Wao kwanza." Alikata roho saa kumi na moja na dakika ishirini, mdomo mkavu, ana miaka themanini na miwili.

Mkuu wa ukoo wetu, Mzee Ampadu, aliponisikia ninataka kuyasema haya alinigombeza. "Adwoa, msiba si mahakama. Marehemu hasemwi."

"Mzee, amejisema mwenyewe."

"Alikuwa mgonjwa."

"Alipokata miti alikuwa mzima."

"Huo ulimi wako utanizika kabla yake." Akanusa tumbaku yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, si ndivyo? Haya. Waite Subirikrom. Wakija, soma."

Wamekuja watu kumi na wanne. Asubuhi tuliwaletea maji, nao wakayaweka miguuni wakasema, "Tutasikiliza kwanza." Hatuna la kulalamika. Ndivyo tulivyowafundisha.

Basi sikilizeni, mtu yeyote asiseme hakusikia: miti mia nne ya Yaa Dufie ilikuwa mizima. Alisema kweli. Waliosema uongo ni Balozi Amoabeng na mimi mpwa wake, na ukoo huu uliokula heshima ya uongo huo miaka hamsini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Bi Comfort, watoto watatu, Samuel, Esi na Kwadwo, wajukuu tisa, dada wawili, Akosua na Yaa, na wapwa wengi. Ameacha pia barua saba, zimechanwa.

Bilauri iliyo mbele ya Maame Afua ndiyo ile aliyoikataa marehemu kitandani. Tumeijaza upya. Hatumlazimishi. Jeneza halitafungwa mpaka aamue, hata jua likizama. Siku maji haya yatakaponywewa, iwe leo na yeye au kesho na mjukuu wake, Kwaku Amoabeng apumzike kwa amani. Kabla ya hapo, na akae nje asubiri, kama mtu ambaye hajafika.