Bembea za Bukoba

Ndani ya gari la kwenda Kayanga, Evaresta wa Kituntu alimwambia mzee aliyeketi naye, jina lake Nolasco, kwamba anampeleka mjukuu wake Bukoba akapande bembea za umeme. “Ana miaka mingapi?” “Minne.” “Bado mdogo huyo, mama. Hatakumbuka chochote. Ngoja afike saba.” Mjukuu, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliendelea kula ndizi.

“Akifika saba mimi sitaona,” alisema Evaresta. “Daktari wa macho kaniambia labda mwaka mmoja. Nataka nimwone akicheka kule juu.”

Nolasco alikohoa, akasema saba ni saba. Gari liliposimama Kayanga, ambako wangepanda la Bukoba, alimshusha mtoto yeye mwenyewe. “Bado mdogo,” alimwambia Evaresta. “Mkifika, simama karibu kabisa.”