Ujumbe Ambao Haujasikilizwa

Ndani ya basi, mshona nguo aliyekaa mbele yangu alihangaika na simu iliyoganda. Jirani yake, fundi simu, akamwelekeza: "Dada, shikilia kitufe cha sauti na cha kuwashia kwa pamoja."

Orodha ikatokea. "Hiyo ndiyo rikavari, sehemu ya kuokoa simu iliyoganda. Amri ya juu inawasha upya, ya chini inafuta kila kitu. Jaribu ya juu."

Mwanamke hakubonyeza. "Humu mna ujumbe wa sauti wa pacha wangu. Aliutuma tukiwa tumenuniana, sikuusikiliza. Kesho yake akafariki."

"Basi usifute!"

"Siogopi kufuta, kaka. Naogopa ikiwaka."

Mimi nilijifanya nasoma tangazo.

Basi likasimama. Mwanamke akashuka, orodha bado inang'aa mkononi mwake.